Ndugu wa Jina

Baba yangu alikuwa mtu mwema. Nalitanguliza hilo kabla sijafika kwenye ubaya, maana ukianza na ubaya watu hawasikii tena jambo jingine.

Ijumaa ile niliyokuwa niolewe, yeye ndiye aliyenichotea maji ya kuoga. Maalim Abdulatifu mzima, mwenye chuo cha Kurani kinachojaa watoto mpaka nje ya baraza, alibeba mtungi begani kutoka kisimani, na wanawake waliokutana naye njiani wakaziba midomo kwa ncha za kanga wasicheke.

Shangazi yangu Ziada alimpokea mlangoni. "Kaka, kazi nyingine waachie wenyewe. Nusu ya kisima umeimwagia kanzu."

"Niache," alisema baba. "Ni mwanangu wa pekee. Kesho yuko Lindi, nani atanidai maji?"

Nilikuwa nyuma ya mlango, nikalisikia neno lile: mwanangu wa pekee. Liliniingia kama mwiba. Kwa maana Kivinje nzima ilijua kwamba Maalim Abdulatifu ana watoto wawili, mimi Mwahija, na kaka yangu Salumu.

Shangazi aliniogesha, akanipaka liwa, akaniketisha kitandani nyuma ya pazia. Hina ilikuwa imeshika vizuri mikononi. Aliniangalia, akakohoa kidogo, akacheka peke yake.

"Huyo Maftaha wa watu atazimia," alisema.

Maftaha ndiye bwana harusi, mfanyabiashara wa nguo wa Lindi, mjane, mtu wa makamo. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kupitia tundu la mlango. Siku aliyoleta posa alimsikia shangazi akikohoa ndani, na alipotuma mahari alituma pamoja nayo kifurushi cha habasoda, na maagizo kwamba ichanganywe na asali. Hakuna aliyemwomba. Shangazi alimpenda tangu hapo.

"Sasa nisikilize," shangazi alisema, akakaa karibu yangu. "Baada ya sala watakuja watu kukuuliza kama umeridhia. Wewe ni mwanamwali, hutakiwi kusema kitu. Kimya chako ndiyo ridhaa yako. Inamisha kichwa, nyamaza, wataondoka, mambo yamekwisha."

"Nani atakuja kuuliza?"

"Mashahidi wawili, Mzee Bakari na Mzee Abdala. Na wakili wa baba yako."

"Wakili ni nani?"

Shangazi alinitengeneza ushungi ambao haukuwa umeharibika. "Kaka yako."

"Shangazi."

"Nimesema kaka yako. Wewe una kaka wangapi?"

*

Salumu hakuzaliwa nyumbani kwetu, wala hakuzaliwa Salumu. Alikuwa akiitwa Likwata.

Alishuka kutoka milima ya Umatumbi mwaka wa njaa, vita vya Majimaji vilipokwisha na mashamba ya bara yakawa majivu. Watu walikuwa wanakuja Kivinje wamebaki mifupa. Likwata alifika akakaa chini ya ukuta wetu, hana nguvu hata ya kufukuza nzi. Mimi ndiye niliyempelekea uji katika kifuu. Alikunywa nusu, akakiweka pembeni taratibu.

"Mbona humalizi?" nikamwuliza.

"Namwekea mama."

Mama yake walikuwa wamekwisha kumzika njiani. Akili yake tu ndiyo ilikuwa haijafika huko. Nikaenda ndani nikaleta kifuu cha pili, nikamwambia, "Hiki cha mama. Hicho maliza wewe." Akamaliza.

Wiki hiyohiyo askari wa boma walipita mtaani wakiwakusanya vijana wa milimani. Walimwinua kwa fimbo. Baba akatoka barazani na msahafu mkononi.

"Mwacheni. Huyo mwanangu."

"Mwanao? Anaitwa nani?"

"Salumu. Salumu bin Abdulatifu."

"Mbona mifupa mitupu?"

"Iulizeni njaa," baba akajibu.

Mtaa wote ulisikia. Mzee Bakari, ambaye hakuwa akisemezana na baba kwa sababu ya mnazi wa mpakani, alisimama mlangoni kwake akapaza sauti: "Ndiye! Mtoto wa Maalim! Alikuwa shamba, tumbo lilimwuma!" Askari wakatutazama, wakaenda zao. Mpaka leo nikikumbuka sauti ya mzee yule, nasema dunia ina watu.

Jioni ile baba alimwambia, "Jina nimekupa upone. Sikukupa ili nikununue. Ukitaka dini, njoo. Hutaki, kula, lala, upate nguvu uende zako."

Likwata alikuwa akiwaangalia watoto wa chuo wakiosha mbao zao za kuandikia, maji meusi ya wino yanatiririka kwenye bakuli. Akasema, "Kule kwetu tulipewa maji, tukaambiwa risasi itayeyuka. Ndugu zangu wote walikunywa. Haya yenu yanafanya nini?"

"Haya hayazuii risasi," baba akamwambia. "Wa kufa atakufa. Haya ni ya moyo usikauke."

Likwata akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona meno. Ijumaa iliyofuata alitoa shahada, na jina lile akabaki nalo.

Basi akaanza kusoma. Mwanamume mzima, ameketi jamvini katikati ya watoto wadogo, ubao magotini: bee fataha ba, bee kisiri bi, bee dhumma bu. Ulimi wake wa Kimatumbi ulikuwa unagoma, watoto wanamcheka. Mimi niko uani, upande wa pili wa ukuta, na Kurani nilikwisha kukhitimu tangu utotoni. Nikaona huruma. Nikaanza kutwanga kwa kufuata somo lake, neno na pigo, neno na pigo. Akikosea, nasimamisha mchi. Anasita, anarudia. Akipatia, naendelea.

Hatukuwa tumepatana jambo hilo. Alilitambua mwenyewe. Baba akawa anashangaa, mbona siku hizi mtama wa nyumba hii unatwangwa mpaka adhuhuri?

Siku moja tukakutana kisimani.

"Wewe ndiye mchi?" akaniuliza.

"Ndiye mimi."

"Leo ulisimama sana."

"Leo ulikosea sana."

Akainamisha kichwa akitabasamu, akanivutia kamba, akanijazia mtungi, akanitwisha. Vidole vyake vilikuwa na wino. Toka siku hiyo nikajua kwamba nimekwisha.

Nasi tulikuwa na adabu. Tulisemezana kisimani tu, watu wakipita, maneno mafupi. Lakini siku alipofika juzuu ya ishirini aliniambia, "Nikikhitimu nitamwomba Maalim. Usikubali mtu mwingine."

"Nani anayekuja?"

"Usikubali tu."

Sikukubali. Walikuja watatu, nikawakataa, baba akacheka akasema binti yangu anachagua kama anachagua samaki.

Salumu akakhitimu. Baba alichinja mbuzi. Walimu wa Kilwa yote walikuja kumsikiliza akisoma, na sauti ilikuwa nzuri, ametulia, mpaka wazee wanafuta macho. Kesho yake aliingia chumbani kwa baba, mlango ukafungwa. Mimi niko uani nimeshika mchi mikono miwili, sitwangi.

Alipotoka alinipita. Sikuyapata macho yake. Hakuja tena kisimani, na mwezi haukuisha posa ya Lindi ikakubaliwa bila mimi kuulizwa.

Sasa nisikilizeni nilivyofikiri, maana ndipo nilipojidanganya. Nilidhani baba amemwambia: utamwoaje dada yako? Nami nilijua kwamba hilo si kweli. Nilipokuwa mdogo, jirani yetu mmoja alilea mtoto wa watu, na baba katika darsa ya Ramadhani alifasiri aya ya Sura ya Ahzabu, kwamba mtoto uliyemlea hageuki kuwa wa damu yako, mwiteni kwa jina la baba yake. Nilikuwa ndani nasikiliza, nikaishika. Lakini Salumu angejuaje? Kusoma ni kimoja na kufasiriwa ni kingine. Wengi wetu tulikhitimu Kurani nzima kwa sauti nzuri bila kujua inatuambia nini. Maana zilikuwa kwa Maalim, naye hakuzitoa ila kidogo kidogo.

Nikajisemea, wamemfunga kwa Kiarabu asichokijua. Nikipata nafasi nimwambie maana ya aya ile, atasimama mbele ya watu, atasema, na harusi hii itavunjika.

Nafasi yenyewe ilikuwa Ijumaa ile.

*

"Hodi wenyewe."

"Karibuni," shangazi aliitikia.

Niliona miguu yao chini ya pazia. Miguu ya wazee wawili, na kati yao makubadhi mapya. Ndani ya makubadhi yale niliyajua magaga ya nyayo zilizotoka Umatumbi bila viatu.

Nikamshika shangazi mkono. Sikusema neno. Aliniangalia kwa muda. Yeye alinilea tangu mama yangu alipokufa, hakuhitaji maneno. Akasimama.

"Wazee wangu," akasema, "kahawa imechemka, na halua ya Bwana Maftaha sijaifungua. Njooni ukumbini kidogo. Bibi harusi bado anatengenezwa ushungi."

"Tumwache kijana huku ndani na mwali?" Mzee Bakari akauliza.

"Mtu na dada yake, nani atawasema?"

Mzee Bakari akaguna. Alikuwa anakumbuka vizuri nani alisema tumbo lilimwuma. Lakini akaenda, na mwenzake akamfuata.

"Asalaam alaikum, Mwahija," Salumu alisema nje ya pazia.

Miezi mingi sikuwa nimeisikia sauti ile ikitaja jina langu. Nilitaka kulia, nikajizuia, wanja usiharibike.

"Waalaikum salaam. Salumu, nisikilize kabla hujauliza ulilotumwa. Baba amekwambia sisi ni ndugu. Si ndivyo?"

Sikumngoja ajibu.

"Si kweli. Iko aya katika Sura ya Ahzabu. Umeisoma nikiwa natwanga, ilikuwa siku ya mvua, ulikosea ukarudia. Ile aya inasema..."

"Waiteni kwa baba zao," alisema polepole. "Hilo ndilo la uadilifu zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu."

"Nani kakufasiria?"

"Maalim mwenyewe. Siku niliyomwomba."

Huko ukumbini vikombe vinagongana, shangazi anamsifu mtu kwa sauti kubwa ili tusisikike.

"Niambie alichosema," nikamwambia. "Chote."

"Mwahija, watarudi sasa hivi."

"Niambie."

Makubadhi yakasogea. "Alisema, sitakudanganya, mwanangu. Mwahija si dada yako. Ukimtaka, nitakaa barazani niwaambie watu kwamba wewe ni Likwata wa Umatumbi, jina nilikuazima siku ya shida, na leo nalichukua. Halafu nitakuozesha. Mji utanisema kwamba nimempa binti yangu mtu wa kuja, nami nitavumilia."

"Alisema hivyo? Baba?"

"Alisema. Kisha akasema, Miteja wanataka mwalimu. Watu wa kule wanasilimu vijiji kwa vijiji na hawana wa kuwasomesha. Wanamtaka mwana wa Maalim Abdulatifu. Ukibaki mwanangu, chuo cha kule ni chako, na hiki cha hapa nikifa ni chako. Ukiwa mkwe, utakuwa mkwe. Nenda ukafikiri."

"Ukaenda ukafikiri."

"Nilifikiri siku nyingi. Sikulala."

Baba hakuwa amemdanganya. Miezi yote ile nilikuwa nimemkasirikia baba, nimekataa hata kumwandalia chakula kwa mkono wangu, na kumbe baba alimwekea njia mbili mbele yake, akamwambia hii inakwenda kwa Mwahija. Ndiyo, aliipamba ile nyingine. Alitaka mtoto wa kiume wa kurithi chuo, na alitaka binti yake aolewe na watu wa pwani. Lakini njia ya kwangu hakuifunga.

Nikamtafutia Salumu sababu. Mtu ukimpenda humtafutia.

"Ni askari?" nikamwuliza. "Uliogopa wakijua wewe ni Likwata watakuchukua? Niambie tu. Nitaelewa."

Angesema ndiyo ningemwamini. Ningemsamehe palepale, na labda ningeolewa Lindi nikilia kwa ajili yake maisha yangu yote. Nilimfungulia mlango ule kwa makusudi.

"Hapana," alisema. "Hawamtafuti mtu tena. Binamu yangu Nassibu karudi milimani, analima, hakuna anayemwuliza kitu."

Namshukuru kwa hilo. Hakunidanganya mara ya pili.

"Basi ni nini?"

"Wewe umezaliwa na jina, Mwahija." Sauti yake ilikuwa imeshuka, imekaribia pazia. "Hujui kukaa chini ya ukuta wa watu. Sasa nikipita wananiita mwana wa Maalim. Watu wazima wananitangulia kwa salamu. Kule Miteja watakaa kunisikiliza watu walewale waliomwona mama yangu anaanguka njiani wasisimame. Likwata nani atamsikiliza? Mimi mwenyewe simtaki."

"Mimi nilimtaka," nikasema. "Likwata ndiye aliyemwekea mama yake uji."

Nikasikia pumzi yake tu.

"Na mimi ulinifikiria wapi, katika siku hizo nyingi?"

"Nilikufikiria. Maftaha ni mtu mwema, nilimchunguza. Na ndugu hakatazwi nyumbani kwa dada yake. Nitakuja Lindi. Nitakuwa nakuona."

Nilicheka. Sikujua kwamba ningecheka. Kilikuwa kicheko kidogo kibaya, na yeye akarudi nyuma kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Mwahija, usi..."

"Wazee wamekunywa kahawa," nikasema. "Waite. Uliza ulilotumwa."

*

Walirudi. Shangazi akaingia nyuma ya pazia, akaona uso wangu, akakaa akaniwekea mkono gotini. Mkono ule ulikuwa na joto. Naukumbuka.

Salumu akasafisha koo. Akasoma bismillahi kama alivyofundishwa, kila herufi mahali pake.

"Mwahija binti Abdulatifu. Baba yako ameniwakilisha mimi, ndugu yako Salumu bin Abdulatifu, nikuulize mbele ya mashahidi hawa. Anataka kukuoza kwa Maftaha bin Saidi wa Lindi, kwa mahari mliyokubaliana. Je, umeridhia?"

Nyumba yote ikatulia. Hata watoto wa uani walikuwa wamenyamazishwa.

Nikawa kimya, si kwa kuridhia. Nilikuwa nimesahau tu kwamba nina ulimi. Mzee Bakari akaanza kusema, "Alhamdulilahi, kimya cha mwali ni..."

Lakini Salumu alirudia swali. Sijui kwa nini. Labda ni mazoea ya ukuta ule, kwamba nikisimama yeye hurudia. Akauliza tena: "Mwahija, umeridhia?"

Shangazi aliondoa mkono wake gotini mwangu. Aliuondoa taratibu, kama anayemwachia mtoto asimame mwenyewe.

"Siridhii," nikasema.

"Kasema nini?" Mzee Abdala akauliza. Alikuwa mzito wa masikio.

"Amesema haridhii!" shangazi akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barazani. "Mimi nimesikia, nanyi mmesikia!"

Ningeweza kuongeza. Mashahidi walikuwepo, pazia jembamba. Ningeweza kusema aliyekuja kuniuliza ni nani na si nani, na kuwauliza wazee hao kama wamesahau. Salumu alilijua hilo. Niliyaona makubadhi yake yamesimama bila kusogea, yanangoja. Nikamwacha. Nilimpa uji wakati hana jina. Sikuona vizuri kumnyang'anya jina siku niliyovaa hina.

Baba alikuja. Aliwatoa wote, akaingia nyuma ya pazia, akakaa kitandani pale alipokuwa shangazi.

"Umeniaibisha, Mwahija. Watu wako barazani."

"Nisamehe, baba."

"Ninayo haki ya kukuoza hivihivi. Unajua?"

"Najua. Ulinifundisha. Ulinifundisha pia kwamba kumwuliza binti ni sunna."

Aliangalia mikono yake. Kanzu yake ya sherehe bado ilikuwa na unyevu begani, pale mtungi ulipokuwa.

"Salumu amekuambia," alisema.

"Ameniambia."

"Sikumlazimisha."

"Najua, baba. Ndiyo maana inauma." Kisha nikamwuliza, kwa sababu lilikuwa linanichoma tangu asubuhi. "Baba, ulipobeba maji ulisema mimi ni mwanao wa pekee. Na huyu je?"

Baba yangu alikuwa na jibu la kila aya. Akanishika kichwa kwa kiganja chake, kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa na homa utotoni, akakaa hivyo. Yeye ndiye aliyetufanya ndugu sisi wawili, nami nilikuwa nimemwegemea.

Mzee Bakari akabisha hodi.

"Maalim, Bwana Maftaha amesikia. Anasema binti amesema, naye hataki mke wa kulazimishwa. Anasema pilau isiharibike, watu wamekuja na njaa. Ameanza kunawa mikono."

Maftaha alikula na watu, akawaambia maskhara wasione haya, akamshukuru shangazi kwa mapishi. Wenzake wa Lindi walinuna, yeye akawanyamazisha. Alipoondoka tukakuta kifurushi kingine cha habasoda juu ya jamvi. Nimemwombea dua mtu yule kila nikikumbuka.

*

Salumu aliondoka kwenda Miteja asubuhi moja, baada ya chuo kufunguliwa. Mtaa wote ulitoka kumuaga. Walimpa mswaki, walimpa tasbihi, Mzee Bakari alimpa fimbo ya kutembelea. Baba alimvika koti lake mwenyewe.

Kwetu, ndugu akisafiri, dada yake ndiye humfungia chakula cha njia. Asipofanya hivyo watu watauliza kuna nini. Shangazi aliniambia, "Nitamfungia mimi. Wewe kaa ndani, useme kichwa kinakuuma."

"Hakiniumi," nikamwambia.

Niliamka alfajiri. Nilipika mikate ya mchele, nikakaanga samaki, nikaondoa miiba kama anavyopenda, nikafunga kwa majani ya mgomba mabichi ili isikauke. Nilifunga vizuri. Sikutaka chakula kile kipungue kitu hata kimoja.

Nikatoka barazani mbele ya watu wote, ushungi kichwani, nikamsogelea. Alikuwa mzuri katika koti la baba. Vidole vyake vilikuwa bado na wino.

Katika miaka yote ile, tangu siku ya askari, sikuwahi kumwita ndugu, hata mara moja, hata mbele za watu. Yeye alijua. Nilipofungua mdomo nikaona macho yake yananiomba.

"Chukua, kaka," nikasema. "Njia ya Miteja ni ndefu."

Uso wake ukabadilika. Akainama kama anayepokea kifurushi, akaniambia kwa sauti ya chini, ileile ya kisimani, "Mwahija, nakuomba. Usiniite hivyo."

"Basi nikuite nani?"

Akafungua mdomo. Baba alikuwa amesimama upande wake wa kulia, Mzee Bakari kushoto, na watoto wa chuo wamejaa ngazini na mbao zao wanamtazama mwana wa Maalim. Nikangoja. Jina lile la kwanza angelitaja hata kwa kunong'ona, ningeliitikia.

Akanyamaza.